Namna ya kulalamika mtandaoni bila kuishia Chumbageni: mwongozo kamili

Mtu anayekuja dukani kwangu kutoa kopi ya wito wa kituo cha polisi cha Chumbageni huwa namtambua kwa karatasi yenyewe: imekunjwa mara nne, imeloa jasho, na huitoa mfukoni akiangalia nyuma. Nina mashine ya kopi na printa hapa Ngamiani, Tanga, na pembeni ni msaidizi wa kisheria niliyepata mafunzo. Si wakili, hilo lieleweke mapema. Lakini karatasi hizo nimezichapa nyingi, na wenye nazo huniambia maneno yaleyale matatu: "Lakini ni kweli kanidhulumu." "Lakini sikumtaja jina." "Lakini nimeshafuta."

Yote matatu hayamsaidii mtu kama anavyodhani. Nimeshachoka kueleza mdomoni, sasa naandika.

Mwongozo huu ni wa mwenye lalamiko la kweli. Fundi amekula hela yako, mdaiwa hapokei simu, duka limekuuzia kitu kibovu, au kiongozi wa mtaa hafanyi kazi, nawe unataka kusema Facebook, WhatsApp, Instagram au TikTok. Una haki ya kusema. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara ya 30 inauwekea uhuru huo mipaka, na mmojawapo ni haki na heshima za watu wengine. Unachotakiwa kujifunza ni kupita katikati ya ibara hizo mbili.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Simu yenye mazungumzo yote, hujafuta kitu.
- Risiti, ujumbe wa muamala wa M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), Airtel Money au benki, na makubaliano kama mliandikishana.
- Daftari na kalamu. Sitanii, utavihitaji hatua ya kwanza.
- Mtu mmoja mwenye akili tulivu asiyehusika na ugomvi wako. Shoga yako anayekuambia "mpe vidonge vyake" hafai kazi hii.
- Usiku mmoja wa kulala.

## Hatua ya 1: Andika kwenye daftari, kisha lala

Andika kila kitu, na matusi yote. Daftari halina kitufe cha kutuma. Asubuhi soma tena.

Sababu: karibu kila posti niliyoichapa kuwa kielelezo cha kesi iliandikwa usiku, mtu akiwa bado anatetemeka. Ukisoma asubuhi na kuona aibu kidogo, hatua hii imefaulu.

## Hatua ya 2: Hifadhi ushahidi kabla ya kufungua mdomo

Ukishaposti, mwenzako naye ataanza kufuta. Kwa hiyo tangulia. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Usikate pembeni ili ipendeze. Picha iliyokatwa haionyeshi aliyesema wala siku aliyosema.

Mazungumzo ya WhatsApp yatoe yote kwa kuyahamishia kwenye barua pepe yako, usiokote mistari minne inayokupendeza. Ujumbe wa muamala usiufute hata simu ikijaa. Futa video za vichekesho kwanza.

Onyo: usihariri picha ya skrini, hata kwa nia ya kuzungushia duara jekundu. Weka nakala safi, duara liweke kwenye nakala ya pili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama iangalie jinsi ushahidi wa namna hii ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haujachezewa, na ulitoka kwa nani. Duara lako litakuwa swali la kwanza.

Umefaulu kama mtu asiyekujua anaweza kupokea bahasha yako na kueleza kilichotokea bila kukupigia simu.

## Hatua ya 3: Gonga mlango unaohusika kwanza

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inachosha. Ila ndiyo inayokulinda zaidi. Lalamiko lililopelekwa kwa nia njema kwa mamlaka yenye kazi hiyo lina kinga katika sheria ya kashfa. Maneno hayohayo ukiyatandaza hadharani, kinga hiyo huna.

Nauli na mabasi: LATRA. Bidhaa mbovu na vipodozi: TBS. Dawa: TMDA. Kampuni za simu: TCRA. Rushwa: TAKUKURU, namba 113, bure. Taarifa zako binafsi zikisambazwa: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mikopo ya kwenye simu: Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Deni la kawaida au fundi aliyekula hela: barua ya madai, kisha Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30.

Na usimdharau mwenyekiti wa mtaa. Nimeona madeni ya miezi minane yakilipwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa kwa sababu mdaiwa alimwona mama mkwe wake akipita.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye mhuri wa kupokelewa, au ujumbe uliotuma wenye tarehe. Hata wasipokujibu, sasa una sentensi ya kweli ya kuweka kwenye posti: "Nililalamika tarehe fulani, sijajibiwa."

## Hatua ya 4: Zijue ndoano nne

Watu wengi hudhani kosa la mtandaoni ni moja tu, yaani uongo. Ndiyo maana wanasema "lakini ni kweli". Ndoano ziko nne, na ukweli unakutoa kwenye mbili tu.

Uongo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hapa ukweli unakusaidia.

Matusi na kero. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 kinagusa maneno machafu, ya vitisho au ya kuudhi yaliyotumwa kwa nia ya kumkera, kumtukana au kumsumbua mtu. Faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Soma tena. Mtu anaweza kweli kuwa amekudhulumu, na bado tusi lako likawa kosa.

Kumwandama mtu. Kifungu cha 23 cha ile sheria ya 2015 kinakataza kutuma mawasiliano kwa nia ya kumlazimisha mtu, kumtisha, kumnyanyasa au kumtesa moyo. Faini isiyopungua milioni 5 au miaka isiyopungua 3. Mdai anayemtumia mdaiwa jumbe arobaini kwa siku, na nyingine kwa bosi wake, anaogelea humu.

Kashfa ya madai. Hii si ya polisi. Aliyechafuliwa jina anakushtaki mwenyewe akitaka fidia, na ana miaka 3 ya kufanya hivyo. Ukweli ni kinga yako, lakini mzigo wa kuuthibitisha unaubeba wewe. Ndiyo maana hatua ya 2 ilikuja kabla ya hii.

Angalia neno "isiyopungua". Hiyo milioni 5 ni sakafu, dari iko juu zaidi. Kijana wa bodaboda anayebaki na shilingi 10,000 kwa siku baada ya mafuta na hesabu ya tajiri anahitaji siku 500 kuipata, bila kula. Nikiwaambia vijana hesabu hiyo huwa wanaweka simu chini.

Zipo ndoano nyingine nitazitaja tu. Maneno ya kuwabagua au kuwatukana watu kwa rangi, kabila au asili yao: vifungu vya 17 na 18 vya Sheria ya Makosa ya Mtandao, faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1. Kukusudia kuumiza hisia za dini ya mtu: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129. Picha za utupu: kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na hapo faini inaanzia milioni 20, kifungo miaka 7. Mwanamke amekuacha, mwanamume amekukimbia, una picha zake: zifute sasa hivi. Hakuna namna salama ya kuzitumia.

## Hatua ya 5: Andika kitendo, usiandike tabia

Hapa ndipo wanapoanguka wengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Dada mmoja, nimwite Mama Zai ingawa si jina lake, alimlipa fundi seremala hela ya kabati. Kabati halikuja. Alikuja dukani nimchapie posti yake kwa herufi kubwa ili pia aibandike ukutani. Ilikuwa hivi:

"JAMANI MUOGOPENI HUYU MTU NI MWIZI TAPELI MKUBWA, sura kama ngumi ya mlevi, hela za watu anahonga wanawake wa Makorora, mshenzi na mama yake ndivyo alivyomlea!!!"

Nikamwomba tuisome pamoja neno kwa neno, nami nina kalamu nyekundu.

"Mwizi" na "tapeli" ni majina ya makosa ya jinai. Nani amemtia hatiani? Hakuna. "Sura kama ngumi ya mlevi" ni tusi tu, halimsaidii msomaji kujikinga na chochote. "Anahonga wanawake": ulimwona? Hapana, shoga alisema. "Mama yake": huyu mzee wa watu hakuchukua hata senti tano, sasa umempa sababu ya kukushtaki yeye kivyake.

Tulipomaliza, karatasi yote ilikuwa nyekundu. Kisha nikamuuliza: "Dada, kwenye maneno haya yote, ni wapi pameandikwa kwamba ulilipa na kabati halikuja?" Akaitazama karatasi. Hapakuwepo. Jambo moja alilokuwa na uhakika nalo, lenye risiti, ndilo hakuliandika.

Tukaandika upya:

"Tarehe 4 Machi nilimlipa fundi wa karakana hii shilingi 420,000 kati ya 600,000 kwa kabati la milango mitatu. Tulikubaliana kukabidhiana tarehe 25 Machi. Leo ni tarehe 19 Aprili, sijapata kabati wala kurudishiwa fedha. Mara ya mwisho kuongea naye, tarehe 12, aliniambia nisubiri mbao. Tarehe 15 nilimpelekea barua ya madai. Akinikabidhi au akinilipa nitaandika hapahapa."

Isome ya kwanza, kisha hii. Ile ya kwanza inachekesha, hii inatisha. Msomaji mwenyewe atakata shauri kama huyo fundi ni mtu wa kumpa hela. Wewe huna haja ya kumwambia neno "tapeli". Akili yake italitamka.

(Fundi alikuja kwenye komenti mwenyewe kusema mbao zimefika. Kabati lililetwa baada ya siku tisa, mlango mmoja ukigoma kufunga. Mama Zai akaandika kwamba amelipokea, kama alivyoahidi. Habari ya mlango akamwambia uso kwa uso.)

### Utaratibu wa kalamu nyekundu

1. Zungushia kila neno linalotaja kosa: mwizi, tapeli, fisadi, mchawi, malaya, muuaji. Badilisha kila moja kwa kitendo ulichokiona na tarehe yake.
2. Kata kila neno linalohusu mwili, kabila, dini, mama, watoto, ndoa.
3. Kata "nasikia", "inasemekana", "watu wanasema". Ukiwa huwezi kumleta aliyesema, hujui.
4. Maoni yaite maoni: "Kwa maoni yangu huduma hii ni mbovu kwa bei ile." Maoni ya haki yaliyosimama juu ya jambo la kweli yanalindwa.
5. Soma kwa sauti mbele ya yule mtu mtulivu. Akicheka mahali, patazame tena hapo.

### Ukimlalamikia kiongozi

Utaratibu ni uleule, ila kaza mkono zaidi. "Kifusi kilimwagwa mtaani kwetu mwezi Juni, hadi leo hakijasambazwa, mwenyekiti tunaomba maelezo" ni haki yako ya raia. "Mwenyekiti kala hela ya kifusi" ni tuhuma ya rushwa. Kama una sababu ya kuiamini, piga 113.

Sitakudanganya kwamba mstari huu unachorwa vizuri siku zote. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3 kwa posti ya Facebook iliyohesabiwa kumtukana Rais. Julai 2024 kijana mchoraji wa Rungwe, Mbeya, alipewa faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 2 kwa video aliyochoma picha ya Rais akitoa maneno makali. Watu walichangishana mtandaoni wakamtoa. Mawakili walilipigia kelele suala hilo, nami ni miongoni mwa wanaoona sheria hizi zimeandikwa kwa wavu wenye matundu madogo mno. Lakini mwongozo huu ni wa kukufikisha nyumbani salama leo. Kosoa kazi kwa tarehe na namba. Tusi halijawahi kusambaza kifusi.

## Hatua ya 6: Toa vitu visivyo vyako

Picha ya kitambulisho cha NIDA cha mdaiwa, namba yake ya simu, nyumba yake, namba ya mkewe, sare ya shule ya mtoto wake: vyote toa. Hata kama alikupa mwenyewe ulipomkopesha, alikupa uvitunze, hakukupa uvitangaze. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na hapa mdaiwa anageuka kuwa mlalamikaji.

Picha ya mlango wa karakana yenye kibao, sawa. Picha ya fundi akiwa harusini na familia yake, hapana.

## Hatua ya 7: Usijifiche nyuma ya fumbo

Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kutukana wazi. Bibi zetu walikuwa wanavaa ugomvi kiunoni, wanapita mbele ya nyumba ya mhusika, kanga inasema yote. Siku hizi kanga imehamia kwenye stetasi ya WhatsApp: "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua," na chini yake kikatuni cha chura.

Stetasi ya namna hiyo peke yake si neno. Tatizo linaanza pale unapoongeza vipande: "yule dada wa barabara ya 12, mwenye saluni, aliyerudi na gari jeupe wiki jana, hela ya kikoba iko wapi?" Hujataja jina, kweli. Lakini mtaa mzima umeshamtambua, na kinachotazamwa katika kashfa ni kama wanaomfahamu wamejua ni yeye. Tena vicheko kwenye komenti, "hahaa namjua", vinachapishwa na kuletwa kama ushahidi wako dhidi yako mwenyewe.

Pima hivi: mwonyeshe posti mtu wa mtaa uleule bila kumwambia kitu. Akisema "ah, unamsema fulani", ni sawasawa umetaja jina. Hapo chagua moja kati ya mawili, utaje kwa kitendo na risiti kama hatua ya 5, au unyamaze.

Akaunti ya jina la bandia nayo ni fumbo la namna yake. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na Sheria ya Makosa ya Mtandao inawapa wapelelezi njia ya kuomba taarifa kwa watoa huduma. Ukitumia jina na picha ya mtu mwingine wa kweli umejiongezea kosa la pili. Na hebu piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna watu wameitwa kwa namba waliyomsajilia shemeji mwaka 2020 wakasahau.

## Hatua ya 8: Weka mahali pamoja, chunga komenti

Posti mara moja, mahali pamoja. Kurusha lalamiko lilelile kwenye magrupu kumi na tano kila asubuhi kunakutoa kwenye kulalamika na kukuingiza kwenye kumwandama mtu.

Usidhani grupu la watu kumi na wawili ni sebuleni kwako. Mtu mmoja akibonyeza tu, imefika Muheza. Ujumbe wa sauti ni mbaya zaidi, kwa sababu hasira yako inasikika na huwezi kusema akaunti ilivamiwa.

Komenti za matusi zikija kukuunga mkono, zifute na useme kwa nini: "Naomba tusitukane, nataka fedha yangu tu." Sentensi hiyo inaonyesha nia yako, na vifungu vingi vya hapo juu vinaulizia nia. Kama wewe ni admini wa grupu, fanya hivyohivyo, bila kungoja mtu akuombe.

Umefaulu kama baada ya siku mbili mjadala bado ni juu ya kabati.

## Hatua ya 9: Ukikosea, rekebisha palepale ulipokosea

Hii niliijifunza kwa gharama yangu. Miaka kadhaa nyuma, uvumi wa mchele wa plastiki ulipokuwa umepamba moto, nilipokea ujumbe kwamba duka fulani la hapa mjini wanauuza. Nikaurusha kwenye grupu la wazazi wa shule, na juu yake nikaandika "nimeutoa kama nilivyoupokea". Jioni mwenye duka alisimama mlangoni pangu na karatasi. Aliichapisha kwenye mashine ya jirani yangu, jambo lililoniuma kidogo.

"Kaka," akaniambia, "tangu asubuhi nimeuza kilo mbili."

Sikuwa na la kusema. "Kama nilivyopokea" haikuwa kinga. Mimi ndiye niliyewafikishia wazazi wale themanini. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaandika kwenye grupu lilelile, kwa mkono wangu, saa ileile ya mchana ambayo watu huwa hewani: kwamba sikuwa na uthibitisho wowote, kwamba nimelikosea duka, na kwamba naomba radhi. Na nikanunua mchele kwake, kilo tano. Alikubali yaishe. Angeweza asikubali.

Kwa hiyo: hifadhi nakala ya ulichoposti, kiondoe hadharani, andika masahihisho yanayotaja kosa lenyewe mahali palepale, kisha mtafute mhusika. "Samahani kwa waliokwazika" si kuomba radhi, ni kuwalaumu kwa kukwazika.

## Hatua ya 10: Wito ukifika

Kwanza, nenda. Kujificha kwa shangazi Pangani kunageuza jambo la maelezo kuwa jambo la kukamatwa.

Pili, usifute kitu. Ile ruhusa ya kuondoa posti niliyokupa hatua ya 9 ni ya kabla jambo halijafika polisi. Likishafika, kuharibu au kuficha data ili kukwamisha upelelezi ni kosa lake lenyewe chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao: faini isiyopungua milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1. Nimeona mtu ambaye posti yake ilikuwa ya kusamehewa akaharibu mambo kwa kuivunja simu kwa jiwe.

Tatu, mwambie ndugu mmoja unakwenda kituo gani, na mtafute wakili kabla ya kutoa maelezo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakupa haki ya kuambiwa kosa unalotuhumiwa, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kuhojiwa ni masaa 4, unaweza kuongezwa kwa yasiyozidi 8. Kama huna fedha za wakili, uliza ofisi ya ustawi wa jamii au wasaidizi wa kisheria wa wilaya; Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako.

Maelezo ya onyo, yaani yale unayoandikwa polisi ukiwa mtuhumiwa, yasome neno kwa neno kabla ya kusaini. Palipoandikwa usichokisema, omba pasahihishwe, usione haya. Ukichukuliwa simu, omba hati ya ukamataji mali yenye aina ya simu na namba zake, isainiwe na shahidi, nawe ubaki na nakala. Dhamana ya polisi hailipiwi. Anayekuomba hela ya dhamana, 113 unayo.

Usimpigie mlalamikaji kumtisha au kumbembeleza usiku. Mazungumzo ya kuyamaliza yapitie kwa wakili, au kwa mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, na makubaliano yaandikwe.

## Ikiwa wewe ndiye uliyetukanwa

Geuza mwongozo kichwa chini. Usijibu, maana ukijibu kwa tusi mnakuwa wawili kituoni. Hifadhi picha za skrini zenye jina la akaunti, anwani ya ukurasa, tarehe na saa, kabla hajafuta. Andika majina ya watu wawili walioiona wenyewe kwenye simu zao. Ripoti akaunti kwenye mtandao wenyewe, kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kama unachotaka ni jina lako lisafishwe na si mtu afungwe, anza na barua ya wakili ya kudai radhi. Mara nyingi inatosha.

Na unapokuja kuchapisha, kwangu au kwa mwingine, njoo na simu yenyewe. Usije na picha ya simu iliyopigwa kwa simu ya jirani, ikiwa na dole gumba pembeni na tarehe imefichwa na mwanga wa taa. Nitaichapa, shilingi zako nitapokea, lakini upande wa pili watakuuliza dole hilo ni la nani.